Walipoachiwa Huru Walikwenda Wapi?

Katika sura ya 16 ya Matendo ya Mitume tunakutana na wanawake wawili wa mji wa Filipi. Wa kwanza ni Lidia, mfanyabiashara wa rangi ya zambarau, mwenye nyumba yake na uwezo wa kuwakaribisha wageni. Wa pili hatajwi jina. Ni kijakazi mwenye pepo wa uaguzi, na kazi yake ni kuwaingizia mabwana zake fedha. Paulo anamtoa yule pepo. Mabwana wanaona faida yao imekwisha, mitume wanapigwa viboko na kutiwa gerezani. Kuanzia hapo habari inakwenda na Paulo na Sila: nyimbo za usiku wa manane, tetemeko, mkuu wa gereza na ubatizo wa nyumba yake yote. Yule kijakazi hatumwoni tena. Usiku ule alilala wapi? Mabwana ambao hawakuwa na faida naye tena wangemlisha kwa sababu gani? Alijua kazi gani nyingine, mbali na ile aliyolazimishwa kuifanya? Wahubiri wengi hupita hapo haraka, na hatuwalaumu, kwa maana Luka mwenyewe amepita haraka.

Sisi tunaoishi Usambara tuna sababu ya kusimama hapo. Milima hii imeona wanawake wengi wakichukuliwa, imeona baadhi yao wakiachiwa, na imeona kanisa likijaribu, kwa zaidi ya miaka 120, kujibu swali la walikwenda wapi baadaye. Majibu yake mengine yalikuwa mazuri. Mengine yalikuwa nusu jibu. Tunayaandika hapa kwa sababu swali lenyewe limerudi, na safari hii linapanda basi kutoka Lushoto kwenda Dar es Salaam.

Tuanze na wakati wa Wakilindi. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipopanda kwenda Vuga mwaka 1848 alimkuta mfalme Kimweri ye Nyumbai akitawala nchi kubwa, kutoka milimani hadi karibu na pwani. Wazee wetu walikuwa na namna yao ya kupima utawala. Mfalme mwenye nguvu zisizopingwa aliitengeneza nchi, kwa Kisambaa kuzifya shi: mvua ilinyesha, chakula kilipatikana, watu walikaa salama. Wakuu waliposhindana, nchi iliharibika, kubana shi. Kimweri alifariki mwaka 1862, na baada yake nchi iliharibika kweli. Warithi walipigana. Semboja, mmoja wa wanawe, alijenga makao yake Mazinde, chini tambarare, mahali ambapo misafara ya biashara ilipita kuelekea Pangani. Huko bunduki na baruti zilipatikana, na njia moja ya kuzilipia ilikuwa kuuza watu. Wabondei nao waliinuka dhidi ya Wakilindi katika vita inayokumbukwa kwa jina la Kiva. Kila upande ulishika mateka.

Wengi wa mateka walikuwa wanawake na watoto, nasi tusidhani kwamba wote walichukuliwa kwa mkuki. Utumwa ulikuwa na milango ya kimyakimya. Mtu aliyehukumiwa faini kubwa asiweze kuilipa aliweza kupoteza wake na watoto wake kwa mkuu. Wakati wa njaa mtoto aliwekwa rehani kwa jamaa mwenye chakula, na rehani isipokombolewa iligeuka kuwa kitu kingine. Hata mtu aliyekimbilia Vuga kuomba ulinzi wa mfalme alilindwa, lakini kuanzia siku hiyo alikuwa mtu wa mfalme. Jambo hili la mwisho tunaomba msomaji alishike, kwa kuwa tutalirudia tutakapofika kwenye vituo vya misheni.

Kuna masimulizi ya msichana mmoja wa Kiyao aitwaye Swema, yaliyoandikwa na mapadri Wakatoliki wa Unguja katika miaka ya 1860. Hakuwa wa huku kwetu, lakini habari yake inaonyesha mlango wa kimyakimya kuliko nyingine yoyote tunayoijua. Mama yake alikuwa mjane, akakopa, akashindwa kulipa. Mdai akamchukua mtoto na kumuuza kwa msafara wa pwani. Mama hakuweza kuachana naye, akaomba afuatane na msafara huo huo. Alifia njiani. Swema alifika Unguja akiwa karibu na kufa, hata akafukiwa kama maiti, akafukuliwa na kijana aliyemsikia, akapelekwa kwa masista. Katika habari hiyo yote hakuna vita. Kuna ujane, kuna deni, na kuna mtu mmoja anayejua bei ya mtoto.

Tukiuliza mtumwa alipoteza nini, wengi tutajibu kwamba alipoteza uhuru wa kwenda atakako. Kwa Wasambaa wa karne ile jibu hilo lisingetosha. Mwanamke aliishi kwa kuwa na watu: baba na kaka wa kumtetea, mume aliyempa mashamba ya kulima, ukoo wa kusimama naye akidhulumiwa. Mtumwa alikuwa mtu asiye na watu. Kwa hiyo kumwambia mwanamke aliyetoka mbali, akiwa amesahau hata lugha ya mama yake, kwamba sasa yuko huru na aende zake, lilikuwa neno zito kuliko msemaji alivyodhani. Aende zake wapi? Watu wake walikuwa wameuawa, au hawakujulikana waliko, au walikuwa ndio waliomtoa.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwezi Juni 1873 kwa mkataba baina ya Sultani Barghash na Waingereza, na mahali pale pakajengwa kanisa kuu la Anglikana. Habari hiyo inajulikana kwa kila mtoto wa shule. Isiyojulikana sana ni habari ya Mbweni, kilometa chache kusini ya mji, ambako Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, ilinunua shamba mwanzoni mwa miaka ya 1870 ili kuwaweka watu waliokamatwa na manowari wakiwa ndani ya majahazi ya watumwa. Wavulana walisoma Kiungani. Wasichana walikusanywa Mbweni, na tangu mwaka 1877 mwalimu wao mkuu alikuwa Caroline Thackeray, mwanamke Mwingereza aliyekaa pale hadi alipofariki mwaka 1926.

Ratiba ya Mbweni ilikuwa na pande mbili. Wasichana walioonekana wepesi wa kusoma waliandaliwa kuwa walimu. Wengine waliwekwa upande wa kazi za mikono: kushona, kufua na kupiga pasi, kupika, kusuka mikeka. Watu wazima walipewa kibanda na kipande cha shamba, nao wakafanya kazi katika mashamba ya misheni. Yapo mengi ya kushukuru. Msichana aliyefika bila jina alijifunza kusoma Maandiko kwa Kiswahili, lugha ambayo Askofu Edward Steere alikuwa akiitafsiria Agano Jipya wakati huo huo. Wengine waliondoka Mbweni wakiwa walimu, wakaenda bara hadi Magila, chini ya milima yetu, na hadi Masasi. Lucy Magombeani, aliyesomeshwa Mbweni, aliolewa na Cecil Majaliwa, ambaye mwaka 1890 aliwekewa mikono kuwa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo.

Lakini tazameni pia namna ya kutoka. Msichana wa Mbweni alitoka, kwa kawaida, kwa kuolewa, na mume aliyetazamiwa alikuwa kijana wa Kiungani. Misheni ilikuwa baba yake na mjomba wake. Ndiyo iliyomposesha, ndiyo iliyompa nyumba, na akiwa mkaidi ndiyo iliyoweza kumwondoa. Ufundi wa kufua na kupiga pasi ulimfaa sana mahali penye Wazungu wengi na mashati mengi meupe. Kijijini Bondei ulimfaa kidogo. Tunasema hivi kwa heshima. Wale walimu walifanya kazi ambayo karibu hakuna mtu mwingine aliyeitaka, na wengi wao wamezikwa huku. Ila ukiweka Mbweni kando ya Vuga ya Kimweri, utaona mfanano usiopendeza: aliyekimbilia pale alilindwa, kisha akawa mtu wa pale.

Sheria nazo zilikwenda polepole, na kwa wanawake zilikwenda polepole zaidi. Unguja ilifuta hadhi ya utumwa mwaka 1897, lakini masuria, yaani wajakazi waliokuwa wakikaa na mabwana kama wake, waliachwa nje ya amri ile. Waliambiwa wangojee. Walingojea miaka 12, hadi 1909. Huku bara, serikali ya Wajerumani haikufuta utumwa kamwe. Ilitoa hati za uhuru kwa mmoja mmoja, kwa kujikomboa au kukombolewa, na ikatangaza kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Mama yao alibaki alivyokuwa. Hapa Lushoto, iliyoitwa wakati huo Wilhelmstal, serikali hiyo hiyo mwaka 1907 iliwapa wanaume Wasambaa kadi za kuwalazimisha kufanya kazi siku kadhaa katika mashamba ya walowezi. Utumwa Tanganyika ulifutwa kwa sheria ya Waingereza ya mwaka 1922. Maana yake ni kwamba wapo washarika wetu wazee ambao bibi zao walizaliwa katika nchi ambayo mtu bado aliweza kumiliki mtu.

Katikati ya hayo ndipo Lutindi inapoingia. Wamisionari wa kwanza wa Kilutheri, Paul Wohlrab na Ernst Johanssen, walifika Mlalo mwaka 1891. Vituo vya Mtae na Vuga vilifuata mwaka 1893 na 1895. Chama chao kilikuwa kimefungamana na Bethel, kule Bielefeld, Ujerumani, ambako mchungaji Friedrich von Bodelschwingh aliongoza kazi kubwa ya kuwatunza wagonjwa wa kifafa na watu waliokataliwa. Bodelschwingh aliamini kwamba mtu anayepewa sadaka tu huinama, na mtu anayepewa kazi iliyo sawa na nguvu zake huinuka. Mwaka 1896 kituo kilianzishwa Lutindi, upande wa Korogwe wa milima hii, mahali penye baridi na mvua, kwa ajili ya watoto walioachiwa kutoka utumwani. Kwa jina na kwa kusudi kilikuwa makimbilio.

Watoto hao walikuwa wamekamatwa katika misafara na kukabidhiwa misheni na maofisa wa serikali. Wengine walikuwa wadogo mno hata hawakujua walikotoka. Walilima, walisoma, walijifunza kazi, na walikua pamoja kama ukoo mmoja ambao baba zao ni mashemasi wa Kijerumani. Kadiri misafara ilivyopungua, ndivyo watoto wapya walivyopungua. Mwaka 1904 nyumba zile zilipata wenyeji wengine: wagonjwa wa akili, ambao wakati huo mara nyingi walifungwa minyororo majumbani au kuachwa porini. Lutindi ikawa hospitali ya kwanza ya namna yake katika Afrika Mashariki, na hadi leo ipo, chini ya Dayosisi yetu ya Kaskazini Mashariki, na wagonjwa wake wanafanya kazi za mikono na kuchuma chai kama sehemu ya kupona.

Wengi wetu tunaijua Lutindi kwa hiyo habari ya pili tu. Mtu akisema kwa utani kwamba fulani apelekwe Lutindi, sote tunaelewa. Ni wachache wanaojua kwamba paliwekwa kwanza kwa ajili ya watoto waliouzwa. Tungependa jambo hili lisemwe katika mafundisho ya kipaimara, maana linaonyesha kwamba kumpokea mtu aliyeuzwa halikuwa wazo lililoletwa na wafadhili juzi. Ni kazi tuliyozaliwa nayo kama kanisa katika milima hii, kabla hatujawa na maaskofu wala katiba.

Siku hizi hakuna misafara ya miguu. Barabara ya Soni hadi Mombo ina lami, na basi la alfajiri linashuka likiwa na kabichi juu na abiria ndani. Kati ya abiria hao huwemo msichana wa miaka 14 au 15, akiwa na mfuko mmoja, anakwenda kuwa dada wa kazi mjini. Hajatekwa. Amechukuliwa na mama mmoja wa kijijini mwenye jamaa Dar es Salaam, naye ameahidi kwamba atalipwa, na kwamba baada ya mwaka atapelekwa shule ya ufundi. Mara nyingi ahadi hiyo ni ya kweli, na tusiseme kwamba kila dada wa kazi ni mtumwa; wapo waliolelewa vizuri na wakasomeshwa. Lakini wapo ambao mshahara wao unapokelewa na mtu mwingine, au haupokelewi kabisa. Simu imechukuliwa. Mlango unafungwa kwa nje. Mwenye nyumba, au kijana wa mwenye nyumba, anamwingilia usiku. Akilalamika anaambiwa kwamba anadaiwa nauli na nguo, na huko ndiko tulikokutana na Swema.

Wengine wanakwenda mbali zaidi, Oman na nchi nyingine za Ghuba. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu, baada ya kuzungumza na wanawake 50 waliofanya kazi huko. Walieleza juu ya pasipoti kushikwa na waajiri, saa za kazi zisizo na mwisho, mishahara isiyolipwa au iliyopunguzwa, vipigo, na kudhalilishwa kimwili. Mwanamke aliyemkimbia mwajiri wake alihesabiwa kuwa mvunja sheria, kwa sababu kibali chake cha kukaa kilifungwa kwa jina la mwajiri. Msomaji wa historia anatambua mara moja kitu hicho. Ni uhusiano ambamo haki ya kuondoka iko mkononi mwa mtu mwingine.

Nchi yetu ina sheria juu ya haya tangu mwaka 2008, Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu, na sheria hiyo haihusu mipaka ya nchi pekee. Anayemchukua msichana kutoka Mlalo kwa udanganyifu na kumtumikisha Tanga mjini anaguswa nayo sawasawa na anayempeleka ng'ambo. Polisi na ustawi wa jamii wanaweza kumtoa msichana ndani ya nyumba siku moja. Katika lugha yetu ya kanisa tunasema mtu ameokoka, na ushuhuda unaishia hapo kwa haleluya. Msichana aliyeokolewa kutoka nyumba ya mateso yuko mwanzo wa habari, kama kijakazi wa Filipi usiku ule wa kwanza.

Yapo mashirika yanayompokea. Mwanza kuna WoteSawa, lililoanzishwa na mwanamke ambaye mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa nyumbani, na Dar es Salaam kuna KIWOHEDE, ambalo kwa miaka mingi limewapa wasichana makazi na kuwafundisha kazi za mikono. Masista na mashemasi wa kike wa makanisa mbalimbali wanafanya hivyo pia, mara nyingi bila kutangaza, kwa sababu anwani ya nyumba ya namna hiyo haifai kutangazwa. Msichana anakaa miezi kadhaa, anatibiwa, analala usingizi, anaanza kula bila woga. Kisha linakuja somo la ufundi.

Hapo ndipo tunapotaka kusema maoni yetu wazi. Karibu kila kituo kinafundisha cherehani. Ni chombo kizuri, nasi tunakumbuka Dorkasi wa Yafa na nguo alizowashonea wajane. Lakini tembea soko la Lushoto au la Soni siku ya gulio, uhesabu mafundi waliokaa barazani wakingoja wateja, na uangalie marundo ya mitumba mbele yao. Msichana anayerudi kijijini na cherehani moja, bila kitambaa, bila chumba cha kukodi na bila mtu wa kumdhamini, atakiuza chombo hicho kabla ya mavuno. Tunafundisha kushona kwa sababu moja na ile ya Mbweni: ndicho walimu wanachokijua, na kinafaa kufundishwa ndani ya ukuta. Swali la kwanza lingekuwa juu ya mahali anaporudi, na watu wa huko wananunua nini.

Milima hii ina majibu. Tuna karoti, viazi, pilipili hoho na kabichi zinazokwenda Tanga na Dar es Salaam kila siku, na faida kubwa inabaki kwa dalali kwa kuwa mkulima hajui bei ya leo. Msichana anayejua kupima, kuandika hesabu, kupiga simu sokoni na kukataa bei mbaya ana ufundi mkubwa. Tuna peasi na plamu zinazooza chini ya miti msimu ukifika. Shamba la Irente la dayosisi yetu limeonyesha kwa miaka mingi kwamba jibini, jamu na mkate vinavyotengenezwa huku juu vinapata wanunuzi. Irente hiyo hiyo ina nyumba ya kulelea watoto wachanga, iliyoanza mwaka 1967, na wasichana hujifunza humo malezi ya watoto. Tazama tofauti: kulea mtoto wa mtu ndiyo kazi ambayo dada wa kazi alidhulumiwa kwayo. Akiijua kwa mafunzo, akiwa na cheti na mkataba mkononi, anaweza kuifanya tena kwa masharti yake. Wapo watakaotaka hivyo, na wapo ambao hawatataka kuingia jiko la mtu mwingine maisha yao yote. Waulizwe wenyewe. Huko Mbweni hawakuulizwa.

Torati ilikwisha kuligusa jambo hili. Kumbukumbu la Torati sura ya 15 inamtaja mtumwa Mwebrania, mwanamume na mwanamke wote wawili, anayeachiwa huru mwaka wa saba. Mwenye nyumba anaamriwa asimtoe mikono mitupu: ampe kwa ukarimu kutoka katika kundi lake, katika uwanja wake wa kupuria na katika shinikizo lake la divai. Ukisoma orodha ile kama mkulima wa Usambara unaona hekima yake. Kondoo huzaa. Nafaka hupandwa. Divai huuzwa. Hakupewa chakula cha njiani; alipewa mtaji wa kuanzia, wa aina tatu, kutoka katika mali aliyoichuma yeye mwenyewe kwa jasho lake. Na sababu inayotolewa ni kumbukumbu: kwamba nanyi mlikuwa watumwa Misri.

Sharika zetu zinajua kutoa mali ya namna hiyo. Kila Jumapili baada ya ibada tunafanya mnada wa mazao, na ndizi za mjane mmoja hununuliwa kwa bei ya mbuzi kwa sababu fedha inakwenda kumaliza paa la kanisa. Umoja wa wanawake una vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo hisa zake zinagawanywa mwisho wa mwaka. Msichana aliyerudi akipokelewa katika kikundi kama hicho, akinunua hisa moja kwa wiki kama wenzake na kukopa kama wenzake, amepata kitu ambacho kituo hakiwezi kumpa, yaani watu. Hapo wazee wa zamani wangetuelewa upesi. Lakini kikundi kitampokea tu kama midomo itatulia. Anaporudi bila fedha, pengine na mtoto asiye na baba wa kutajwa, kijiji humuuliza alikuwa akifanya nini mjini. Tumesikia mashemasi wakieleza kwamba wasichana wengi wanaweza kusimulia kipigo kuliko kustahimili swali hilo, na baadhi hupanda basi tena kwa ajili yake.

Kuna neno pia la kumwambia anayechukua wasichana, kwa kuwa mara nyingi ni mtu wa kanisani, mwenye nia njema, anayeaminiwa na wazazi kwa sababu hiyo hiyo. Baraza la usharika linaweza kumwomba aandike: jina la mwajiri, mtaa, mshahara, nani atakayeupokea, na siku ambayo mzazi atapigiwa simu na mtoto mwenyewe azungumze. Chini ya miaka 14 sheria ya kazi hairuhusu ajira kabisa, na jambo hilo halihitaji kuandikwa, linahitaji kukataliwa.

Jambo gumu kuliko yote ni ardhi. Vipande vyetu ni vidogo, vimegawanywa tangu babu hadi mjukuu, na kwa desturi mwanamke alipata shamba kwa mumewe. Binti aliyerudi bila mume analima pembe ya shamba la kaka yake hadi kaka atakapooa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na halmashauri ya kijiji inaweza kumwandikia hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake mwenyewe. Katika vijiji vingi wazee wa kanisa wanakaa katika halmashauri hiyo hiyo. Wanajua shamba lipi limeachwa na nani, ni kaka yupi atapinga, na ni shangazi yupi ambaye neno lake litasikilizwa. Maombi ya namna hiyo yanapoletwa mezani, jina linaloandikwa juu ya karatasi ni moja, na wanaoamua kama ni la binti au la kaka yake ni sisi.